Msituletee Programu Nyingine, Tunataka Kisu

Leo sileti habari za mpira wala za matokeo ya mitihani. Nimekasirika, na wale waliokaa nami Tororo wiki mbili zilizopita wanajua kwa nini. Mkiniona napandisha sauti hapa na pale, mnivumilie.

Nianzie mezani. Mwezi wa pili tulikuwa na mgao wa sabuni na ndoo kule Kiryandongo. Mimi ni mtu wa kujitolea tu. Kazi yangu ni kukaa na laptopu, kusoma kadi, kutafuta jina, kuweka alama, kusema "pita mama". Siku hiyo wakina mama 41 walifika na kadi zao mkononi na majina yao hayakuwa kwenye orodha. Hayakuwa yamefutwa, jamani. Yalikuwa ndani ya kompyuta ileile, upande wa usajili, nimeyaona kwa macho yangu. Lakini orodha ya mgao haikuyaona. Afisa aliyesimamia akasema utaratibu ni utaratibu, asiyekuwepo kwenye orodha arudi wiki ijayo. Kulikuwa na mmoja ana mtoto mgongoni, ametembea tangu alfajiri. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si ni wewe uliniandika?"

Ni mimi. Nilimwandika mwenyewe, kwa mkono wangu.

Sasa chanzo chake. Programu ile tuliijenga vijana sita, tukaiita Daftari. Ilianza kama orodha ya wanafunzi wa masomo ya jioni. Ikaongezwa mpira, ikaongezwa mgao, ikaongezwa kutuma ujumbe wa simu. Kila afisa aliyepita alitaka kakitufe kake. Sehemu kubwa iliandikwa na ndugu yetu mmoja wa Kivu ya Kusini, kijana mwenye kichwa kizuri sana. Mwaka jana jina lake likatoka, akapata ndege, akaenda. Tulifurahi, tukapiga picha, tukala chapati. Akatuachia faili moja la mistari elfu kumi na moja. Faili moja! Katikati ameandika, "Msiguse hapa chini, nitawaeleza kesho." Hiyo kesho sasa iko Marekani, na huko kukipambazuka sisi tumeshazima jenereta.

Tukagusa. Ilibidi. Wengi wetu tuna laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, kwa sababu watu wanashuka Busia kutafuta vibarua na kurudi. Daftari ilizijua namba za +256 peke yake. Tukaongeza +254, na tukatenganisha vizuri, alama ya nchi safu yake, namba safu yake. Usajili ukafanya kazi, tukapongezana. Hatukujua kwamba huko chini, mstari wa elfu tisa na ushee, sehemu ya mgao ilikuwa inaingia yenyewe ndani ya jedwali la usajili, inakata herufi nne za mbele za simu, halafu kinachobaki inakitumia kuitambua familia. Namba tulizohifadhi upya hazikuwa tena na +256 mbele. Kwa hiyo ikakata tarakimu nne za ukweli. Kila familia tuliyorekebisha tangu siku ile ikapotea machoni pa mgao. Ndio hao 41.

Mnaoijua Busia mtanielewa haraka kuliko mhandisi wa London.

Mimi naijua tangu nikiwa na miaka sita. Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, mama alinivusha pale kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika sufuria. Tukakaa Mulanda, upande wa Tororo, kwenye kituo cha muda, kisha tukapakiwa kwenda Kiryandongo. Tangu hapo nimevuka Busia mara nyingi hata sihesabu. Zamani uligongewa muhuri upande mmoja, ukatembea, ukagongewa tena upande wa pili. Ni hapo katikati, kati ya geti na geti, jina la bodaboda lilipozaliwa, vijana wa baiskeli wakiita wateja, "boda, boda". Tangu kituo cha pamoja kifunguliwe rasmi Februari 2018, unasimama mara moja tu, upande ule unaoingia, na maafisa wa nchi zote mbili wamekaa jengo moja. Ni kitu kizuri. Geti liko wazi, sheria zinajulikana, unajua uonyeshe nini na upewe nini.

Lakini sasa pita nyuma ya maduka. Hapo ndipo Busia yenyewe. Njia za panya kila kona, sukari inapita, petroli inapita, mayai yanapita, binadamu wanapita. Ukimuuliza mtu wa forodha atakuonyesha mpaka uko wapi. Ukimuuliza mama wa mayai atakuonyesha mpaka unavuja wapi.

Daftari ilikuwa Busia tupu. Kwa mdomo tulikuwa na sehemu tano, Usajili, Mgao, Masomo, Michezo na Ujumbe. Tulizichora hata ubaoni kwa wageni, masanduku matano na mishale mizuri. Nyuma ya maduka, kila sehemu ilikuwa inaingia kwa mwenzake kwa njia ya panya, usiku, bila kubisha hodi.

Na tafadhali msimlaumu ndugu yetu aliyeenda. Njia ya panya huzaliwa pale geti lilipo mbali au foleni ilipo ndefu. Yeye hakuwa na geti. Aliambiwa orodha ya mgao itoke kabla ya Ijumaa kwa sababu kuna ripoti ya wafadhili. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungekata kichakani, kama yeye.

Watu wa kompyuta wanaita moduli kile kipande cha programu chenye mlango unaojulikana. Unauliza mlangoni, unajibiwa, na mambo ya ndani ya nyumba hayakuhusu. David Parnas aliliandika hili mwaka 1972, zamani sana, kabla hata ya wazazi wetu wengi kuoana. Alisema usiikate programu kwa kufuata hatua za kazi, kwanza hiki halafu kile. Ikate kwa kufuata maamuzi ambayo huenda yakabadilika, na kila kipande kifiche uamuzi wake. Jinsi namba ya simu inavyohifadhiwa ni siri ya Usajili. Mgao ungepaswa kuuliza tu, "Familia ya kadi hii ni ipi?" na kungoja jibu. Usajili ungejipanga upya hata mara kumi, yule mama angepata sabuni yake.

Basi tugawe tu, si ndiyo? Ndivyo nilivyofikiri. Nilikaa wiki mbili nikikata faili kwa macho na kwa kidole, nikapata vipande kumi na vinne, na hakuna kimoja kilichosimama. Nilikuwa nimehamisha mistari kutoka faili moja kwenda kumi na nne, na zile njia za panya zikabaki zilezile, zimekuwa ndefu zaidi tu. Macho ya binadamu hayawezi kubeba mistari elfu kumi na moja. Yangu hayawezi, na nina hakika ya kwako pia.

Ndipo nikaenda Tororo kwa binamu yangu, ana kibanda cha kuchaji simu, umeme upo siku nyingi. Nikaacha kukata. Nikaanza kuchonga kisu.

Kisu chenyewe ni kitu kidogo. Daftari imeandikwa kwa Python, na Python inakuja na moduli yake iitwayo ast ambayo inaweza kusoma programu nyingine kama mwalimu anavyochambua sentensi, hiki kitenzi, hiki nomino. Skripti yangu ina mistari kama mia mbili. Inasoma Daftari yote, inaorodhesha kila kazi iliyomo, nani anamwita nani, na nani anagusa jedwali gani. Halafu mimi naiandikia kwenye faili dogo la kawaida, kazi hizi ni za Usajili, hizi za Mgao, hizi za Michezo. Yenyewe inanijibu ni wapi mpaka unavuka bila kupita getini. Mara ya kwanza niliyoiendesha ilitoa njia za panya 63. Nilikaa pale kibandani nikiangalia ile orodha, binamu akidhani nimefiwa.

Namba hiyo si ndiyo iliyoniumiza zaidi. Iliyoniumiza ni moja katika zile 63. Sehemu ya Michezo, ile inayochapisha ratiba ya mechi za watoto, ilikuwa inachukua mstari mzima wa usajili ili ipate jina na umri. Mstari mzima. Ndani ya mstari huo kuna safu ya maelezo ya ulinzi, yaani yale anayoyasema msichana kwa sauti ya chini akiwa na afisa peke yao. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyesoma, naamini hivyo. Lakini ile laptopu ya michezo tulikuwa tunaiazima kwa kila kocha. Sasa niambieni, nyinyi maafisa mnaotufanyisha semina za usiri wa data kila miezi mitatu, ni semina ipi ingeona hilo? Skripti ya mistari mia mbili imeona.

Sasa nije kwa malumbano, maana nimeyasikia yote.

La kwanza nililiambiwa uso kwa uso. Nilipoonyesha kazi hii, afisa mmoja, mtu mzuri kabisa, aliniambia, "Mdogo wangu, mradi unalipa programu, haulipi zana." Nikanyamaza kwa heshima. Hapa sinyamazi. Mnatuletea programu mpya kila mradi. Mradi wa lishe una yake, mradi wa elimu una yake, wa vocha una yake. Mradi ukiisha, programu inakufa na orodha yake, na sisi tunamwandika upya yule mama, mara ya tatu, mara ya nne, kila mara akitaja watoto wake na aliyefariki. Hamjawahi kukosa pesa ya kuanza. Kila mara pesa inakosekana ya kukarabati.

La pili ni kwamba haya ni mambo ya makampuni makubwa. Ni kweli makampuni makubwa wanayafanya, na ndiyo yanipe nguvu. Java, ambayo nusu ya mabenki yanaitegemea, ilikuwa imeshikana kama ugali uliopoa. Kazi ya kuigawa kwa moduli ilianza 2008, mwaka uleule nilivushwa Busia, ikatoka 2017. Nikiwa nimeshamaliza shule ya msingi! Na njiani walitengeneza zana iitwayo jdeps ya kuonyesha kipande kipi kinategemea kipi, kwa sababu hata wao, pamoja na mishahara yao, macho hayakutosha. Shopify ya Kanada nao walikuwa na programu moja kubwa mno, wakachonga zana yao, Packwerk, wakaitoa kwa umma mwaka 2020. Kwake nimejifunza jambo moja ambalo nimeliiga bila aibu. Zana haikulazimishi usafishe makosa yote leo. Inayaandika ya zamani kwenye orodha, inayaacha yapumue, lakini kosa jipya hata moja inalikataa. Kwa hiyo zile 63 nikaziandika. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuongeza ya 64, hata mimi nilipojaribu usiku nikiwa na haraka. Ikanikatalia, bana, kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Leo zimebaki 19.

Na msiniambie ni mambo ya Wazungu. Saa chache kwa matatu kutoka Busia kuna Eldoret. Huko, kwenye kazi ya kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI, ndiko ilikoanza kutumika OpenMRS mwaka 2006, programu ya rekodi za wagonjwa ambayo msingi wake unabaki mdogo na mengine yote yanaongezwa kama moduli. Kila moduli inatamka wazi inahitaji moduli gani nyingine, na isipozipata haiwaki. KenyaEMR imejengwa juu ya hiyo. UgandaEMR imejengwa juu ya hiyohiyo. Yaani zahanati za upande huu wa mpaka na za upande ule, kwa kompyuta, ni watoto wa mama mmoja. Hilo halimaanishi zinasalimiana. Shangazi yangu anaishi Busia ya Kenya na huwa anatibiwa pande zote mbili, na bado anabeba historia yake kwenye mfuko wa plastiki. Moduli hazifungui geti, watu ndio wanaofungua, na mengine ni heri yafungwe. Ninachosema ni kwamba geti likijulikana liko wapi, angalau mnajua mbishane kuhusu nini.

Na Kobo je? Nani hapa hajajaza fomu ya KoboToolbox? Maafisa wanaipenda, wananiambia, "Kwa nini mjisumbue, tumieni Kobo." Naipenda pia. Lakini fungua ndani. Ile programu ya simuni imetokana na ODK Collect. Fomu unayojaza kwenye kivinjari inaendeshwa na Enketo. Kile kinachobadilisha Excel yako kuwa fomu kinaitwa pyxform. Vipande vya watu tofauti, miaka tofauti, vimeungana kwa sababu milango yake inajulikana. Mnakula matunda ya moduli kila siku halafu mnatuambia sisi tusipande.

La tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote, ati vijana wakimbizi hawana msingi, wafundishwe kwanza kuchapa barua na kutengeneza jedwali la Excel. Nimefundishwa kuchapa barua mara tatu, na mashirika matatu, nina vyeti vitatu. Mimi nimeishia sekondari, sijakanyaga chuo. Ile ast nimejifunza kwa bando la usiku. Msingi mnaoutafuta mtauona siku mtakayotupa tatizo la kweli na laptopu isiyozimika.

Na nyinyi wenzangu, msicheke, zamu yenu inakuja. Tunapenda sana kuitwa mwenye programu. "Hii ni ya fulani, muulize fulani." Mahali petu hapa, fulani huondoka. Hiyo ndiyo maisha yetu. Mmoja anapata ndege, mwingine anarudi kwao, mwingine anapata kazi Kampala, mwingine mama anaugua anashuka Tororo miezi mitano. Mwenye kampuni Nairobi anaweza kujidanganya kwamba fundi wake atakuwepo mwaka ujao. Sisi hata hilo la kujidanganya hatunalo. Kwa hiyo kijana anayeandika faili moja la mistari elfu kumi na moja ambalo yeye peke yake analielewa, hata akiwa na kichwa cha namna gani, anatuandikia deni. Nilimpigia ndugu yetu simu nikamwambia hivyo. Alicheka, akanyamaza, akasema, "Ni kweli, kaka. Nilikuwa naogopa nikiigawa hamtanihitaji."

Mimi sikuwa na jibu.

Niwape pia makosa yangu, msije mkadhani nimekuwa nabii. Vile vipande kumi na vinne vilikuwa upuuzi, tumerudi kwa vitano, na nadhani Masomo na Michezo vitaishia kuungana. Kuna rafiki alitaka kila kipande kiwe kwenye seva yake, viongee kwa intaneti, kama alivyoona kwenye video. Kwa intaneti ipi? Moduli zetu zinakaa ndani ya programu moja, laptopu moja, mlango ni mlango wa ndani ya nyumba. Na zana yangu haioni kila kitu. Mtu akiandika jina la jedwali vipandevipande halafu akaliunganisha wakati programu inakimbia, inapita bila kuonekana, kama mzigo wa usiku Sofia. Mbili kama hizo nimezikuta kwa bahati tu.

Ninachodai kwa mashirika ni kidogo mno hata naona aibu. Mkilipia programu ya siku thelathini, wekeni siku tano za kuchora mipaka yake na kuandika kitu cha kuilinda, na ziwekwe kwenye bajeti kwa jina lake. Msikubali kupokea programu yoyote, ya kwetu au ya mshauri wa kutoka Kampala, ambayo haiwezi kuwaonyesha kipande kipi kinagusa maelezo ya ulinzi. Na mkiondoka, tuachieni msimbo, si nenosiri tu.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata. Ndoo zilikuwa zimeisha, akapata sabuni. Alipita mezani kwangu, akaniangalia, akapita.

Sasa ya kazi. Zile 19 zilizobaki, 11 ziko kati ya Mgao na Usajili, na ndizo ngumu. Nimeomba ufadhili wa DAFI. Nikipata naondoka Agosti, na sitaki kuwa mimi ndiye mwenye kesho iliyo mbali. Skripti na ile orodha ziko kwenye flashi mbili, moja kwa binamu kibandani Tororo, moja ninayo. Usajili umeshachukuliwa na dada mmoja wa Kiryandongo, Ujumbe una vijana wawili walioko Busia. Mgao hauna mtu. Anayeutaka aniandikie kabla ya mwezi kuisha, tukae siku tatu pamoja, chakula ni juu yangu.